Blenda Yenye Kwikwi

Mtaa wa nyuma ya kituo cha reli, hapo Kovilpatti, haukuhitaji saa ya ukutani. Blenda ya Pechiyammal ikianza kwikwi, watu walijua ni saa mbili unusu asubuhi, na mwenye mtoto wa shule ambaye bado hajasukwa nywele alijua amechelewa. Blenda za watu wengine huunguruma mara moja, zikanyamaza, kazi imekwisha. Ya Pechiyammal iliunguruma kidogo ikazimwa. Kimya. Ikaunguruma tena, ikazimwa. Kimya tena. Nazi na pilipili za chatne ya watu wanne zilimchukua muda ambao mwanamke mwingine angesagia harusi.

"Mama Ilango!" jirani yake Sornam alipaza sauti juu ya ukuta karibu kila wiki, na kila mara alicheka kana kwamba utani huo ameutunga leo. "Ipigepige mgongoni, kwikwi itapoa!"

"Saga yako wewe," alijibu Pechiyammal. "Yangu ina adabu, inapumzika kama mtu."

Na kweli ilipumzika. Ilinunuliwa mwaka 1985 kwa bonasi ya mumewe ya Sikukuu ya Taa, wakati mtaa mzima ulikuwa na blenda mbili tu. Tangu hapo Sornam mwenyewe alikuwa amezika nne. Hii ilikuwa na mwili wa bati zito la rangi ya maziwa, ambayo sasa imegeuka rangi ya meno ya mzee. Kitufe chake kilivunjika zamani, ikawa inawashwa kwa kuzungusha kijiti cha chuma kwa koleo. Mlio wake ulikuwa wa mashine ya kukoboa mpunga. Ukisimama karibu nayo husikii lolote, na ukisema, husikiki.

Nyumbani walikuwa watano. Yeye mwenyewe, miaka sitini na moja. Mumewe Sudalaimuthu, miaka sabini, aliyestaafu kiwanda cha nyuzi na masikio yake akayaacha hukohuko kwenye mitambo, hata ukitaka akusikie sharti umpigie kelele sikioni. Mwana wao Ilango, karani wa kiwanda cha viberiti. Mke wa Ilango, Thenmozhi, mwalimu wa hesabu. Na binti yao Kuyili, mwenye miaka sita na maswali sitini.

Watu hao watano walikula chatne mbili. Wanne walikula ya blenda. Sudalaimuthu alikula ya jiwe, iliyosagwa kwa mkono, na Pechiyammal aliisaga kila siku akiwa ameinama huku magoti yanamlia. Miaka ishirini na sita mzee yule hakutia mdomoni kitu kilichopita kwenye blenda ile. Sababu yake kila mtu aliijua, na hakuna aliyeitaja mezani.

Zamani Pechiyammal hakuitwa Mama Ilango. Aliitwa Mama Vadivu, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Jina hilo lilimtoka siku moja ya mwezi wa tano mwaka 1988, na watu walilibadilisha taratibu, kwa huruma, wakamhamishia jina la yule mdogo aliyebaki, ambaye alikuwa na miaka minne. Mpaka leo, akiitwa Mama Ilango, kuna kitu kidogo ndani yake kinachogeuka kuangalia nyuma.

Siku hiyo Vadivu, mwenye miaka tisa, alitoka uani saa sita mchana kuteka maji. Ukingo wa kisima ulikuwa mfupi, wa kufika gotini. Mama yake alikuwa jikoni anasaga chatne. Alipotoka baadaye kumwita mtoto aje kula, aliona ndoo, kamba, na kandambili moja. Ilikuwa kiangazi, maji hayakuzidi kifua cha mtu mzima. Mwanamume aliyeteremka kumtoa alipanda na mtoto begani, akasema maneno ambayo angefaa kuyameza. Alisema kwamba jeraha la kisogoni halikuwa kubwa, na kwamba mtu angewahi, labda.

Ndipo watu wakauliza lile swali ambalo watu hawawezi kulizuia: hukumsikia?

"Blenda ilikuwa inalia," alisema Pechiyammal.

Hakuna aliyemshangaa. Wote walikuwa wameusikia mlio ule. Ndugu za mume walipoanza kunong'ona kuhusu mama gani huyu, Sudalaimuthu alisimama katikati ya matanga akawaambia, "Mke wangu asiguswe hata kwa neno moja. Ni mashine ile. Mashine ndiyo iliyoniulia mwanangu." Kisha akaingia jikoni na shoka. Pechiyammal aliilalia blenda kwa tumbo, akaikumbatia, na hakuna aliyeweza kumbandua. Wapo waliosema ni uchungu. Wapo waliosema ni ubahili, maana watu hawakosi la kusema. Mzee alitupa shoka, akaapa hatakula cha blenda ile mpaka kufa. Kisima kilifunikwa zege, na juu ya zege siku hizi Thenmozhi huanika pilipili.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukweli ni kwamba blenda haikuwa inalia.

Ilikuwa imezimwa. Pechiyammal alikuwa amefungua kifuniko aonje chumvi, kidole kiko mdomoni, na jikoni kumetulia kiasi cha kusikia nzi. Ndipo ilipokuja sauti kutoka uani: "Mama!" Mara moja. Kali, fupi, kisha basi.

Na jua lilikuwa utosini.

Alipoingia nyumba hii akiwa bibi harusi, kitu cha kwanza alichofundishwa na mama mkwe, kabla hata ya kuonyeshwa chumvi ilipo, kilikuwa hiki: saa sita mchana ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Ngoja. Mtu ataita mara tatu. Pepo wa jua huita mara moja, akizidi mara mbili, na ukimwitikia tu, umekwenda naye. Nyumba nzima ilishika sharti hilo. Sudalaimuthu mwenyewe, akiwa zamu ya asubuhi, alirudi mchana akaita kutoka nje, "Pechi! Pechi! Pechi!" kama mtu anayenadi samaki. Watoto nao walifundishwa.

Basi Pechiyammal alisimama na kidole mdomoni, akahesabu. Moja. Akangoja ya pili. Akangoja ya tatu. Hazikuja. Akajisemea, nimekujua, pepo wee, hunipati. Alijiona mjanja, na ujanja huo ndio uliokuja kumtafuna baadaye kuliko kitu kingine chochote. Akatema mate kifuani kujikinga, akafunga kifuniko, akawasha blenda ili sauti ile isimfikie tena.

Hayo ndiyo aliyoyabeba. Blenda ikabeba mengine, yale ya watu. Ilisingiziwa na haikujibu, na mtumishi anayekubebea kosa lako humfukuzi kazi. Ndiyo maana aliilalia siku ile, na ndiyo maana aliitunza, akaipeleka kwa mafundi, akaibadilisha visu mara tisa.

Na ndiyo maana ya kwikwi. Tangu siku ile hakuweza kusaga mfululizo. Aliwasha, akazima, akasikiliza kwa hesabu ya tatu. Miaka ishirini na sita alikuwa bado anangoja mara ya pili na mara ya tatu. Ile mashine ikizimwa, mlio wake haukukatika ghafla. Ulishuka, ukashuka, na mwisho kabisa, kabla visu havijasimama, ulitoa sauti nyembamba kama nusu ya neno. Kuna siku alisikia ni nusu ya neno gani. Siku hizo chatne ilimwagika, na Thenmozhi akasema, "Mama, kaa, nimalizie mimi," naye akakataa.

Halafu aliwasha tena, na katika mngurumo ule, ambapo hata yeye mwenyewe hakujisikia, alisema kwa sauti yote aliyojaliwa: "Nilikusikia, Vadivu! Nilikusikia, mwanangu!" Kila asubuhi. Aliyemwona kwa mbali aliona midomo tu inacheza. Sornam aliwaambia watu kwamba chatne ya Mama Ilango ni tamu kwa sababu huisomea dua.

Saa sita mchana hakupita kamwe karibu na zege. Kamba ya kisima ilichomwa moto mwaka ule ule, lakini mara nyingine jua likisimama utosini, dirisha la jikoni liliingiza harufu ya kamba iliyolowa maji. Alilifunga, na harufu ikabaki ndani.

Mkosi wa blenda ulifika mwezi wa tisa mwaka 2014. Kuyili alinyoosha mkono achukue jagi, kiganja kikagusa ile bati ya ubavuni, na umeme ukamrusha hadi mlangoni. Hakuumia zaidi ya kishindo na kilio, lakini Sudalaimuthu, ambaye hakusikia kilio, aliona mtoto ameanguka na aliona kilichomwangusha. Alikuja akitetemeka ndevu.

"Imeua mmoja," alisema kwa ile sauti kubwa ya viziwi. "Sasa inataka wa pili?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi jambo lile kutajwa kwa maneno.

"Baba, ni waya tu umechunika," alisema Ilango, kisha akakumbuka kwamba baba yake hasikii, akamgeukia mama yake. "Mama, safari hii sikuombi. Zamani nilikuomba. Sikukuu ya Zana hii tunaleta mpya, na dukani wanachukua ya zamani hata ikiwa mkweche."

"Waya unabadilishwa," alisema Pechiyammal.

"Na mtoto anabadilishwa?"

Aliyesema hivyo ni Thenmozhi, mkwe mpole ambaye katika miaka minane hakuwahi kumpandishia mama mkwe wake sauti. Alisema akiwa amemkumbatia binti yake, na mara akajuta, akaweka mkono mdomoni. Pechiyammal alifungua kinywa kuitetea mashine. Alikuwa na utetezi mmoja tu, ule wa kweli. Alimwangalia mumewe aliyesimama pale anaitazama blenda kwa chuki ya miaka ishirini na sita, na akaona jinsi mapenzi yote aliyopewa na mtu huyu tangu msiba yalivyosimama juu ya bati lile la rangi ya meno. Bati likiondoka, je, yataangukia wapi? Hakujua mumewe angekaa na mwanamke gani kama angeujua ukweli.

"Leteni," alisema.

Mpya ililetwa siku mbili kabla ya sikukuu, ndani ya boksi lenye picha ya mwanamke anayecheka na karoti. Ilikuwa nyekundu, nyepesi, majagi matatu, vitufe vya kubonyeza. Sornam alipita kuiona, akaishika kila mahali.

"Sasa tutajuaje saa?" alisema. "Wewe Mama Ilango ukisaga kama binadamu, watoto wa mtaa huu watafika shule mchana!"

Pechiyammal alicheka kwa adabu. Usiku ule na uliofuata hakulala vizuri.

Sikukuu ya Zana ni siku ya vyombo kupumzika. Hakuna anayeshona, anayesaga wala anayekata. Baiskeli ya Ilango ilioshwa, rula na vitabu vya Thenmozhi vikapangwa, kisu, mbuzi ya nazi, cherehani, pasi, vyote vikawekwa safu sebuleni, kila kimoja kikapakwa liwa na kidoa cha unga mwekundu, na mbele yao bisi za mchele, dengu na ndizi. Blenda mpya iliwekwa katikati na kuvishwa shada la asumini. Ile ya zamani Ilango aliiweka mwisho wa safu, karibu na ndala.

"Huyo asipakwe," alisema Sudalaimuthu. "Muuaji hapakwi liwa."

Ilango alipita bila kuipaka. Mchana, mzee alipolala na wengine wameenda hekaluni, Pechiyammal alichukua kibakuli, akakaa chini mbele ya blenda yake. Aliifuta vumbi kwa ncha ya sari. Aliipaka vidoa vitatu vya liwa mahali ambapo mtu angekuwa na paji la uso, na juu yake nyekundu.

"Nisamehe," aliiambia. "Umenibebea vya kutosha. Kesho unaondoka na mimi nabaki navyo."

Nje jua lilikuwa utosini. Hakukuwa na mngurumo wa kumficha, na siku hiyo, kama kila mwaka siku ya zana, yale maneno ya asubuhi hayakusemwa. Yalikuwa yamekaa kooni tangu alfajiri. Aliyameza, akasikiliza. Uani kulikuwa kimya, ila alihisi ni kimya cha mtu anayevuta pumzi ili aite. Alikaa hivyo mpaka mumewe alipoamka.

Kesho yake ni Siku ya Ushindi, siku ya kuanza mambo. Mtoto huanzishiwa herufi, duka hufunguliwa, na chombo kipya huwashwa. Saa nne asubuhi alifika fundi wa dukani, Arumairaj, mtu mnene mwenye bisibisi mfukoni. Alikuja kuichukua ya zamani. Aliiinua, akaigeuza matako juu, akanusa mota yake kama mtu anayenusa tikiti.

"Hii ya mwaka gani?"

"Themanini na tano," alisema Ilango.

"Acha uongo, bwana."

"Haki ya Mungu."

Fundi aliinusa tena. "Hakuna hata harufu ya kuungua. Jamani, mimi naona blenda mia kwa mwaka. Zote zinakufa ugonjwa mmoja, joto. Watu wanasagia mfululizo mpaka zinatoa moshi. Hii kuna mtu aliipumzisha kila mara. Nani alikuwa anaitumia?"

"Mama."

Arumairaj alimgeukia Pechiyammal, akaunganisha viganja vyake kwa heshima. "Mama, nani alikufundisha? Nitaiweka juu kabisa dukani, niivishe shada. Watu waone blenda iliyolelewa kama mtoto."

Pechiyammal aliinama kuokota bisi iliyoanguka, akakaa hivyo kwa muda. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, achilia mbali kusifiwa.

"Na hiyo mpya?" aliuliza Thenmozhi. "Hutuonyeshi?"

"Leo siiwashi mimi. Mkono wa kwanza uwe wa mwenye jiko. Bonyeza hapa, basi. Haina kelele, utaongea na simu huku unasaga."

Wauzaji wote husema hivyo, na Pechiyammal hakulitia maanani. Alimwona fundi akiifunga ile ya zamani kwa kamba nyuma ya skuta, vidoa vya liwa vikiwa bado pajini, na alisimama mlangoni mpaka ilipokata kona ya kituo cha reli.

Kisha wakakusanyika jikoni. Sudalaimuthu aliletewa mkeka akaketi mlangoni kabisa, na hilo lilikuwa tukio lenyewe, maana mzee hakuwa amekaa jikoni mle tangu siku ya shoka. Alikuwa amenyoa. Mbele yake kulikuwa na jani la mgomba na idli mbili, vitumbua vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, zinazotoa moshi.

"Leo nakula ya mashine," aliitangazia nyumba nzima. "Chumvi usinizidishie, Pechi!"

Kila mtu alicheka. Kuyili alipiga makofi. Pechiyammal alitia nazi, pilipili mbichi, dengu za kukaanga, kipande cha tangawizi, chumvi. Akafunga kifuniko. Mkono wake ulitafuta koleo, haukuliona, ukakumbuka. Akaigusa blenda, akagusa kope zake kama mtu anayeomba baraka, akabonyeza.

Mazoea yana mwili wake. Kidole kilipobonyeza, kinywa kilifunguka chenyewe, kama kilivyofunguka asubuhi elfu tisa na zaidi, tena safari hii kikiwa na deni la siku nzima ya jana. Akasema kwa sauti ileile iliyozoea kupambana na mashine ya kukoboa mpunga:

"Nilikusikia, Vadivu! Blenda ilikuwa imezimwa! Nilikusikia, mwanangu, nikangoja!"

Blenda mpya ilikuwa inavuma kama nyuki ndani ya kopo. Fundi hakudanganya.

Sauti yake aliisikia mwenyewe ikigonga vyungu na kurudi. Kwanza alidhani ni mtu mwingine. Kisha akamwona Thenmozhi ameshika ukuta, na Ilango, mtu mzima wa miaka thelathini, ana uso wa mtoto wa miaka minne. Upande wa pili wa ukuta, chombo cha Sornam kilichokuwa kikisuguliwa kilinyamaza. Kuyili alifungua mdomo kuuliza, mama yake akauziba kwa kiganja.

Sudalaimuthu aliwatazama mmoja mmoja. Tabasamu la kuhusu chumvi lilikuwa bado midomoni, limesahauliwa.

"Amesema nini?"

"Hakuna, Baba," alisema Ilango sikioni mwake. "Anaomba dua."

"Si dua hiyo. Nyuso zenu si za dua. Pechi, umesema nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kudanganya mara ya pili. Mwana alikuwa amemfungulia mlango, angepita tu. Pechiyammal alizima blenda. Ilisimama papo hapo, bila kushuka, bila nusu ya neno. Hakukuwa na kitu ndani yake. Alimngoja mtoto kwa hesabu ya tatu, kwa mazoea, na kwa mara ya kwanza hakusikia chochote kabisa, na upweke uliomshika uliishinda hofu. Akaenda akapiga magoti kando ya mkeka. Mume kiziwi hanong'onezwi. Ilimbidi aseme kwa kelele ambazo mtaa mzima ungesikia, na akazisema.

"Nilimsikia! Blenda ilikuwa imezimwa! Aliniita nikamsikia!"

Moshi wa idli ulikuwa unapanda kati yao.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja."

"Saa sita."

"Saa sita. Nikangoja ya tatu. Halafu nikawasha mashine nisimsikie."

Sudalaimuthu alilitazama jani la mgomba. Alitazama jiwe la kusagia lililokuwa pembeni, lenye shimo katikati lililochimbwa na mkono wa mkewe kwa ajili ya kiapo chake yeye. Kisha akashika mlango, akainuka, akatoka uani bila viatu na bila kula. Ilango alitaka kumfuata. Thenmozhi akamshika mkono.

Pechiyammal alibaki pale pale sakafuni. Baadaye aliinuka, akamwaga chatne kwenye bakuli, akaosha jagi, akalifuta, akalifuta tena. Alingoja kelele. Alingoja aambiwe afunge nguo zake arudi kwao. Hakuna kilichokuja. Dirisha la jikoni halikuonyesha zege, ila kipande cha ukuta tu, na kivuli cha ukuta huo kilikuwa kinapungua kidogo kidogo, mpaka kikaingia chini ya ukuta kabisa. Harufu ya kamba iliyolowa ikaingia. Safari hii hakufunga dirisha.

Ndipo sauti ikatoka uani.

"Pechi!"

Mara moja. Kisha kimya.

Ilikuwa sauti ya mumewe, au ya kitu kilichojua sauti ya mumewe. Sudalaimuthu, katika miaka arobaini ya ndoa, hakuwahi kumwita mchana chini ya mara tatu. Ilango alimwangalia mama yake, na mama yake alimwona anahesabu. Kumbe naye alifundishwa.

Pechiyammal hakuhesabu.

"Abee!" aliitika, kwa nguvu zote, akatoka juani.

Mzee alikuwa amekaa juu ya zege, mgongo ukiwa umeelekea nyumba. Hakugeuka, wala hakuweza kuwa amemsikia. Lakini alikuwa amezisukuma pilipili upande mmoja, akaacha nafasi ya mtu wa pili kukaa.